Mrejesho: Kaka aliyekataliwa kumpa baba ini

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mwezi wa Shaaban niliwauliza: kaka yangu wa Wete anataka kumpa baba kipande cha ini, kundi la damu linaoana, lakini vipimo vya India vimeonesha ini lake lina mafuta. Je, ndiyo basi?

Haikuwa basi, alhamdulillahi. Daktari alitueleza kwamba ini lenye mafuta mengi halistahimili ule muda linapokaa bila damu, kwa hiyo likipandikizwa huweza kuchelewa kufanya kazi au kushindwa kabisa. Na mtoaji naye yumo hatarini: mgonjwa akiwa mtu mzima, mara nyingi hukatwa upande wa kulia, kama 60% ya ini, na kinachobaki ndicho kimtunze mpaka liote tena. Mafuta yakizidi 30%, kwa kawaida hukataliwa.

Kaka hakuwa na dalili yoyote, wala hanywi pombe. Hilo lilinishtua sana. Kumbe ni uzito, soda na maandazi ya kila asubuhi. Akaviacha, akawa anatembea mpaka bandarini kila baada ya sala ya alfajiri. Miezi minne, kilo 11 zimeondoka. Wakampima tena, wakamkubali.

Wote wameshapasuliwa. Macho ya baba yameacha umanjano. Kaka mshono bado unamuuma, na kitu kizito habebi.

Mnaojiandaa kutoa, nakuombeni mpime mafuta ya ini huku huku kabla ya kukata tiketi. Sisi nauli ya safari ya kwanza ilipotea bure.