Kuchangia damu mandirini wakati wa Navratri: waliofunga tuwafanyeje?

mratibu_sewa

Wakuu, namaste. Mandir yetu, yaani hekalu la Kihindu, iko Dar. Kamati imepanga siku ya kuchangia damu Jumapili ya katikati ya Navratri ya Sharad, sikukuu yetu ya siku tisa, mara tu bhajan (nyimbo za ibada) za asubuhi zikiisha. Waumini huwa kama 300, tunatarajia 100 wachangie. Shida ni kwamba wengi wamefunga: kuna wanaokula farali (vyakula vya mfungo visivyo na nafaka), kuna wa maji na matunda tu siku zote tisa, na kila usiku wanacheza garba, ngoma ya duara. Timu ya damu salama inakuja na vitanda 6. Waliofunga wachangie au wasichangie? Vitanda tuviweke wapi? Na tuwape chakula gani, maana mayai hayaingii mandirini?

nesi_wa_chupa

Ndugu mratibu, sogezeni siku. Hilo ndilo kubwa kuliko yote uliyouliza.

Chupa moja ni mililita 450. Maji yake mwili huyarudisha ndani ya siku moja au mbili kama mtu anakunywa vizuri, lakini chembe nyekundu huchukua wiki nne hadi nane. Sasa mchukue mtu aliyekesha, hajagusa nafaka siku tano, halafu jioni anarudi kuzunguka uwanjani saa tatu nzima kwa joto la Dar. Huyo hazimii kitandani. Anazimia saa nne usiku katikati ya duara la garba, na nesi ameshaondoka. Kuzimia kwa kuchelewa ndiko kunakoumiza watu, kwa sababu mtu anaanguka akiwa amesimama.

Ichukueni Jumapili ya kwanza ya Shraddh, ile nusu ya mwezi ya kuwakumbuka waliotangulia, inayoisha Navratri inapoanza. Kipindi hicho watu wanatafuta cha kutoa kwa niaba ya wazee wao, na harusi hakuna. Mchangiaji atapata angalau wiki moja kabla ya garba.

Angalieni na Ekadashi, siku ya kufunga, kwenye panchang (kalenda ya Kihindu), inakuja mara mbili kwa mwezi. Iliyo kali ni Nirjala, isiyoruhusu hata tone la maji. Huangukia mwisho wa Mei au ndani ya Juni, jirani kabisa na Siku ya Wachangia Damu Duniani, 14 Juni. Mwaka 2019 iliangukia tarehe 13. Aliyefungua alfajiri kwa glasi moja ya maji asilazwe kitandani asubuhi hiyo hiyo.

Mezani msiulize "umefunga?" Ulizeni "umekula nini, saa ngapi?" Mtu wa farali aliyekula khichdi ya sabudana yenye viazi na karanga saa mbili asubuhi yuko vizuri kuliko asiyefunga aliyekunywa chai ya rangi akakimbilia mandirini.

maabara_usiku

Naongezea upande wa wingi wa damu (hemoglobini), maana kwa jamii isiyokula nyama hapo ndipo wengi watakapokwama, hasa kina dada.

Kama timu inatumia salfeti ya shaba, yale maji ya buluu, yametengenezwa yawe na uzito wa mara 1.053 ya maji ya kawaida. Tone la kidoleni likizama ndani ya sekunde 15, wingi ni gramu 12.5 kwa desilita au zaidi. Likisitasita katikati au likapanda juu, mtu anarudishwa. Ila tone lenye kiputo cha hewa huelea hata kama damu ni nzuri, na kidole kilichokamuliwa kwa nguvu hutoa damu iliyochanganyika na majimaji ya nyama. Ombeni kipimo kirudiwe kwenye kidole kingine kabla ya kumrudisha mtu.

Matangazo ya chakula yaanze wiki nane kabla. Madini ya chuma ya dengu, choroko na mchicha hayanyonywi kirahisi, na chai inayoteremshwa pamoja na mlo huyazuia zaidi. Chai isubiri saa moja, na limau likamuliwe kwenye dali.

Jambo ambalo kamati nyingi hazilijui: miongoni mwa Walohana, Wasindhi na Wabhanushali wapo wengi wanaobeba thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, bila kuumwa. Chembe zao ni ndogo, wingi uko chini kidogo maisha yao yote, na chuma wanayo ya kutosha. Msiwagawie vidonge vya chuma kwa kubahatisha. Aliyerudishwa mara mbili apimwe ferritini (akiba ya chuma mwilini) na aina za hemoglobini. Wingi wake ukitosha, anachangia kama wengine. Na mtoto mwenye thalasemia kamili huongezewa damu kila wiki mbili hadi tano. Chupa zenu zinaweza kumfikia huyo.

ukumbi_na_jikoni

Vitanda viwe ukumbi wa nje wenye mlango wake, mbali na murti (sanamu takatifu). Damu haikai mbele ya murti, hilo kila mtu analijua. Lakini kuna sababu nyingine: kwa desturi za wengi, mwanamke aliye kwenye siku zake na mtu aliye kwenye sutak, miiko ya baada ya msiba, hawaingii ndani. Ukumbi wa pembeni unawapa nafasi ya kuchangia bila kumweleza mtu yeyote.

Watu watakuwa pekupeku, na panatumika sindano. Wekeni kandambili mlangoni.

Hesabu: kitanda kimoja kinahudumia watu 3 kwa saa. Vitanda 6 kwa saa 4 ni watu 72, si 100. Mkisubiri bhajan ziishe, wote watasimama kwa pamoja na nusu wataenda nyumbani. Anzeni saa tatu, gaweni namba zenye saa, watu watoke kwenye bhajan kwa zamu.

Meza ya maswali iwe mbali na spika. Yale maswali ni ya siri, na nesi hawezi kuyauliza kwa kupaza sauti kuushinda tabla. Majina yasitangazwe, na familia zisishindanishwe. Anayeogopa aibu ya kurudishwa atadanganya. Damu inapimwa VVU, homa ya ini B na C na kaswende, lakini maambukizi ya siku chache yanaweza yasionekane. Prasad (chakula kilichobarikiwa) wapewe wote, waliochangia na waliorudishwa.

Kabla ya kuchangia: maji nusu lita, ndizi, chevdo (vitafunio vikavu) yenye chumvi. Sheera, halua ya samli, ni baada tu. Samli nyingi kabla ya sindano huifanya plazma iwe nyeupe kama maziwa, ikatupwa.

mratibu_sewa

Asanteni sana. Nawapelekea kamati hoja ya Shraddh. Na vijana wa miaka 17? Na nyuzi za ibada zinazofungwa mkononi?

nesi_wa_chupa

Miaka 18 na kilo 50 kwenda juu. Wanaume kila miezi mitatu, wanawake kila minne. Uzi wa kifundoni ubaki, ila unaobana juu ya kiwiko ufunguliwe.

Wengi wakishapumzika dakika 15 baada ya kuchangia huenda moja kwa moja kupiga dandvat mbele ya murti. Kulala kifudifudi kisha kuinuka ghafla huwaangusha. Mwekeni mtu wa sewa (wa kujitolea) mlangoni awaambie: leo pranam (salamu) ya mikono, ukiwa umekaa.