Ukumbi wetu una ngazi tatu mlangoni: tuanzie wapi ili wenye viti vya magurudumu waingie?

Katibu_Ukumbi

Wakuu, habari zenu. Kamati ya ukumbi wetu wa jamii imekubali kutengeneza njia ya watu wenye shida ya kutembea. Mlango mkuu una ngazi tatu, kila moja sentimita 15. Fundi tuliyempata anasema atamwaga zege la mita mbili juu ya ngazi na kazi imekwisha. Mbele ya mlango tuna kama mita nne tu mpaka kwenye uzio. Mjumbe mmoja anataka tufungue tu mlango wa stoo nyuma, kwani kule ni tambarare. Mwingine anahoji kwa nini fedha ya wote itumike kwa ajili ya watu wawili watatu. Naombeni ushauri, hasa ninyi mnaotumia viti vya magurudumu wenyewe.

Mama_Magurudumu

Ndugu Katibu, umefanya vema kuuliza kabla zege halijamwagwa. Natumia kiti cha magurudumu tangu nikiwa binti.

Mita mbili hazitoshi kabisa. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: ukipanda sentimita moja, uende mbele sentimita 12. Ngazi zenu zina kimo cha sentimita 45, basi mteremko usipungue mita 5.4. Huo wa fundi wako ni kama 1 kwa 4 na nusu. Nikijisukuma kuupanda, magurudumu madogo ya mbele yananyanyuka na naanguka chali. Kushuka ni hatari zaidi, maana breki yangu ni viganja vyangu. Najua mtaambiwa "atakuwepo wa kumsukuma". Anayesema hivyo na amsukume mtu mzima hapo, halafu arudi kwenye kikao.

Kwa kuwa nafasi ya mbele ni finyu, laza mteremko kando ya ukuta na uukate kona. Kwenye kona weka tambarare ya mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, na nyingine kama hiyo mbele ya mlango. Ya mlangoni husahauliwa sana. Nikiwa bado kwenye mwinamo siwezi kuvuta kitasa na kuzuia kiti kwa wakati mmoja. Mkono ukiachia gurudumu, narudi chini.

Mlango wa stoo naupinga. Mlango wa nyuma huwa na kufuli, ufunguo una mwenyewe, na siku ya mkutano mwenyewe hapatikani. Nimewahi kukaa nje ya mlango kama huo nikisikia watu wanapiga kura ndani.

Sasa choo, na hapa naomba unisome taratibu, kwa sababu choo ndicho kinachoamua kama nitakuja. Mikutano mingi nimeikwepa si kwa ajili ya ngazi. Wenzangu wengi wakijua hakuna choo wanaacha kunywa maji tangu asubuhi. Mlango wa choo ufunguke kwa nje au uwe wa kusukuma pembeni, la sivyo nikishaingia siwezi kuufunga, na huwezi kuniomba nijisaidie mlango wazi. Upana wake usipungue sentimita 80 ukiwa umefunguliwa, 90 ni bora zaidi. Ndani pawe na duara la mita moja na nusu la kugeuza kiti. Kando ya bakuli la choo paachwe wazi: nasogeza kiti pale, nafunga breki, natoa egemeo la mkono, nashika bomba la kishikio lililofungwa ukutani, najivuta kuhamia. Bomba hilo hubeba uzito wangu wote, kwa hiyo likamate tofali, si kigae peke yake. Na tafadhali, ndoo na mafagio vitafutiwe mahali pengine.

Kwa mjumbe wa "wawili watatu": anahesabu wanaofika. Walioshindwa na ngazi wako nyumbani. Halafu mwonyeshe kifungu cha 9 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006. Kinazungumzia majengo yaliyo wazi kwa umma, na ukumbi wenu ni mmojawapo.

Fundi_Zege

Mama amesema kweli tupu. Naongeza ya kiufundi. Msitie vigae vinavyong'aa kwenye mteremko. Pitisha ufagio mgumu kwa kukata upana kabla zege halijakauka. Pandisha ukingo mdogo pembeni ili gurudumu lisichomoke, na weka vishikio pande zote mbili, kimo cha kama sentimita 90.

Katibu, kazi ikiisha ikague mwenyewe. Chukua pima maji ya sentimita 120, ilaze kwa urefu wa mteremko, inua ncha ya upande wa chini mpaka kiputo cha hewa kikae katikati. Pengo chini ya ncha likizidi sentimita 10, mteremko ni mkali kuliko 1 kwa 12. Rudia sehemu mbalimbali, maana wengine hunyoosha juu na kuficha ukali chini.

Mjukuu_wa_Bibi

Msizibomoe ngazi zote jamani. Bibi yangu anatembea kwa gongo na goti lake halipendi mwinamo. Ngazi fupi zenye kishikio anazimudu. Na ndani wekeni viti vyenye mikono, vya plastiki visivyo na mikono hawezi kuvinyanyukia.

Katibu_Ukumbi

Asanteni sana. Nimerudi na futi: kando ya ukuta tunapata nafasi ya kona, na ngazi zitabaki upande wa pili. Mlango wa choo una sentimita 65, utabomolewa. Swali la mwisho: jukwaa lina ngazi mbili. Tuliache, si wageni watakaa chini tu?

Mama_Magurudumu

Na siku mmoja wetu akichaguliwa mwenyekiti wa kamati, ataongozea wapi kikao? Kama fedha haitoshi kwa mteremko wa pili mwaka huu, shusheni meza kuu na kipaza sauti sakafuni, wote tukae usawa mmoja. Hilo mnaweza kulifanya hata kwenye mkutano ujao, na jukwaa mliandike kwenye bajeti inayofuata.