Naomba ushauri: mgonjwa wa moyo unamwanzaje kuhusu tendo la ndoa?

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni muuguzi wodi ya wagonjwa wa moyo. Juzi nilikuwa nampa maelekezo ya kwenda nyumbani mzee mmoja aliyepata mshtuko wa moyo. Dawa, chumvi, sigara, mazoezi, vyote nikamweleza. Nikauliza kama ana swali. Akatazama mlango. Mkewe akainamia mkoba wake, akawa anafunga na kufungua zipu. "Hapana, sista."

Swali lilikuwepo, nililiona kabisa, na mimi nikanyamaza. Linaniuma hadi leo.

Cha kusema ninacho. Akipanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana wala kuhema kupita kiasi, kwa kawaida tendo halina shida. Kinachonitisha ni kingine: amepewa nitrogliserini, dawa ya maumivu ya kifua ya kuweka chini ya ulimi. Akichanganya na sildenafili (Viagra, dawa ya nguvu za kiume) aliyojinunulia kimyakimya, presha inaweza kuporomoka akafa. Aibu haikupaswa kunizuia kumwambia hilo, lakini ilinizuia. Tena wapo wanaoacha dawa za moyo wakihisi zimewamaliza nguvu za kiume, na hawasemi.

Shida yangu ni mdomo. Yule ni umri wa baba yangu! Nyie mnaanzaje? Mwenza anatoka nje, au mnaongea na wote wawili? Na wagonjwa wanawake je, maana hao nimegundua hata hatuwaulizi.

Mwenye sentensi yake ya kufungulia mazungumzo anigawie, hata moja tu.