Nichukue CD ipi: Abrahamsen, Dutilleux au Maria Schneider?

Mpenda_Okestra: Wakuu, naomba ushauri. Natafuta CD moja ya nyimbo za mfululizo za soprano na okestra, za watunzi wa zama hizi, zenye mashairi. Nimebakiwa na tatu: "let me tell you" ya Abrahamsen, "Correspondances" ya Dutilleux na "Winter Morning Walks" ya Maria Schneider. Ijumaa naagiza.

Sauti_ya_Kwanza: Ni yako au zawadi? Msikilizaji anajua lugha gani? Bila hayo tutabahatisha tu.

Kodiani: Abrahamsen, basi. Paul Griffiths kachukua maneno anayosema binti Ophelia kwenye Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, hayohayo tu, akayapanga upya hadi binti akajisimulia mwenyewe. Barbara Hannigan anaimba, Andris Nelsons anaongoza. Subiri mwisho: karatasi inasuguliwa juu ya ngoma kubwa, unasikia kabisa nyayo kwenye theluji. Ilipata tuzo ya utunzi wa muziki ya Grawemeyer 2016.

BabaZuhura: Tamu, ila diski nzima ni nusu saa na ushee! Dutilleux ni Hannigan huyohuyo, Salonen akiongoza, na juu yake unapata konseto ya selo, yaani selo na okestra. Sikiliza barua ya mwandishi Mrusi Solzhenitsyn akiwashukuru mpiga selo Rostropovich na mkewe.

Sauti_ya_Kwanza: Barua si shairi, mzee wangu. Kaomba mashairi.

BabaZuhura: Mshairi Rilke naye yumo, dada. Na barua ile ikiimbwa inamshinda mshairi yeyote.

BintiKwaya: Mkinunua, ulizeni kijitabu cha maneno. Mimi niliagiza Schneider iliyotumika kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Tangazo lilisema "kamili". Ikaja diski tupu kwenye bahasha, ina mkwaruzo, wimbo wa tatu unarukaruka. Nikaandika, akajibu kwamba kijitabu "si sehemu ya muziki". Pesa hakurudisha. Nyimbo za mashairi bila maneno! Mshairi Ted Kooser aliyaandika akipona saratani, akitembea kabla jua halijachomoza kwa sababu alitakiwa alikwepe. Dawn Upshaw anatamka wazi, lakini nilitaka kuyasoma.

Mpenda_Okestra: Poleni kwa kuchelewa. Ni zawadi ya mwalimu wetu wa kwaya, anastaafu. Kiingereza anakijua, Kifaransa hapana.

Kodiani: Sasa ndiyo unasema! Dutilleux atoke, inaimbwa kwa Kifaransa.

BabaZuhura: Atoke kwa nini? Tafsiri si zitakuwemo kijitabuni?

BintiKwaya: Schneider, tena mpya. Mwalimu wa kwaya atapenda sauti inayobeba neno.

Kodiani: Ile ni nyuzi tupu na watu watatu wa jazi. Kaomba okestra.

BintiKwaya: Okestra ya nyuzi ni okestra!

Zeze: Mimi nawaza: nani atatutungia hivi kwa utenzi wetu? Mizani nane nane, soprano na nyuzi.

Sauti_ya_Kwanza: Mizani ingembana mtunzi, kila mstari unatua palepale.

Zeze: Haimbani. Anavuta silabi anapotaka, kama waghani wa pwani. Fungua mada, nije na mifano.

Mpenda_Okestra: Wakuu, na CD?