Hazelnati au maua ya kala? Nataka kupanda uani, naombeni ushauri wakuu

mwana_wa_Korogwe:
Wakuu habari za muda huu. Mimi nipo Marekani jimbo la Oregon, mji unaitwa Beaverton, pembeni ya Portland. Nyuma ya nyumba kuna kiuwanja sio kikubwa, ni sehemu ya kuegesha Noah mbili hivi, upande mmoja unapigwa jua vizuri, upande mwingine ni kivuli na ndo linapomwaga bomba la maji ya mvua so kipindi cha baridi chote pamelowa. Mimi nataka hazelnati, zile kokwa za mti zinazotengenezewa Nutella, ile chokoleti ya kupaka kwenye mkate, maana hili bonde la Willamette ndo linatoa karibu hazelnati zote za Marekani, ukitoka mjini kidogo tu ni mashamba mistari kwa mistari. Waifu anataka maua ya kala, yale meupe ya harusini. Hatuelewani kabisa na miche inapandwa kipindi hiki ikiwa imelala haina majani, nikizubaa ndo basi mpaka mwakani. Kipi kina faida? Kichwa kinauma.

Mzee_Kaunda_Suti:
Kijana, mwanamke akiomba maua mpe maua. Sisi tumekaa kwenye ndoa miaka mingi kwa kujua vita gani vya kupigana. Nutella inauzwa dukani.

Mkulima_Tigoni:
😂😂 Hayo maua huku Tigoni, Kenya, yanamea kando ya mto na hakuna mtu amepanda, vijana wanakata wanauza barabarani. Asili yake ni hapa hapa Afrika, kule kusini, na wewe umevuka bahari kwenda kuyanunua na dola. Manze lete fare nikutumie gunia.

dada_Zai:
Mtoa mada mna mtoto mdogo au paka? Kala ni ukoo mmoja na magimbi, ule utomvu wake ukiingia mdomoni unawasha vibaya mno, ulimi unavimba. Unajua gimbi bichi linavyofanya, sasa kala hata ukilichemsha usijaribu. Ila kwa pale bomba linapomwaga maji kala ndo penyewe, linapenda matope. Hazelnati mizizi yake haitaki kukaa kwenye maji.

mwana_wa_Korogwe:
Dada Zai asante, mtoto yupo ana miaka saba anajielewa, paka hatuna. Hazelnati naiweka upande wa jua.

Chuma_cha_Mbagala:
Mkuu ngoja nikupe kisa changu. Mimi nilipanga Mbagala nikapanda miembe ya kisasa ile mifupi, nikamwagilia maji ya kununua, ndoo kwa ndoo, jirani ananicheka. Mwaka inaanza kubeba mwenye nyumba anakuja na mkwewe, eti kijana anaoa anataka kukaa humu. Nikamwambia basi angalau nivune, akasema maembe ya nani? Kila nikipita ile njia naangalia upande wa pili. Kwa hiyo swali langu ni moja tu, hiyo nyumba ni yako?

mwana_wa_Korogwe:
Pole sana mkuu. Ila tusitoke nje ya mada, mimi nauliza kati ya hazelnati na kala.

mama_Ngano:
Kabla ya yote umemuomba Mungu lakini? Maana watu mnapanda tu. Na huyo mkeo asije akawa anataka maua kwa sababu nyumba haina furaha.

BoksiMan_Columbus:
Nipo Ohio. Kaka vitu viwili. Kwanza hazelnati moja peke yake haizai, mti haujichavushi wenyewe, lazima uwe na wa aina nyingine na zipatane. Pili zinataka miaka mitatu minne mpaka uone chochote cha maana na zinatanuka hatari, hapo pa Noah mbili zikishakua hamna pa kupita. Sasa jibu swali la Chuma cha Mbagala, umelikwepa.

Mkulima_Tigoni:
Jibu buda. Nyumba ni ya nani?

mwana_wa_Korogwe:
Sawa, tumepanga. Mkataba unaisha mwezi wa nane. LAKINI mwenye nyumba ni mtu poa sana, mzee wa kizungu, alishasema siku akiuza sisi ndo wa kwanza kuambiwa. Na kuhusu uchavushaji nalijua, nimechukua aina inaitwa Jefferson, imetolewa na chuo kikuu cha Oregon State, inahimili ule ugonjwa wa kuvu unaokausha matawi uliowatesa wakulima wa huku. Inachelewa kuchanua kwa hiyo inapandiwa mwenzake Theta ambaye naye anachelewa, chavua yake inamfikia kwa upepo.

dada_Zai:
"Nimechukua"? Kumbe umeshanunua?

mwana_wa_Korogwe:
Jefferson ipo kwenye ndoo, shimo tayari. Theta nimeagiza. Sasa ningefanyaje jamani, ilikuwa ofa na zikiisha zimeisha.

Chuma_cha_Mbagala:
Hahaha maembe ya nani???

BoksiMan_Columbus:
Kaka umekuja kuomba ushauri au baraka? Mkataba mwezi wa nane, mti miaka minne. Ukishauweka ardhini huo ni mti wa mwenye nyumba, soma mkataba wako. Kala unang'oa na viazi vyake unaweka kwenye boksi unahama nayo. Hapo hamna hesabu ngumu.

mwana_wa_Korogwe:
Nyie hamuuoni ulivyo. Kwenye mashamba hapa njiani saa hizi miti haina jani hata moja lakini imeshachanua, vishada vya manjano vinaning'inia matawi yote, upepo ukipita inatoka vumbi. Na ua jike lenyewe ni vinyuzi vyekundu vidogo mno kwenye ncha ya chipukizi, usipoinama huoni. Mimi nilivyoona ndo nikapenda.

Mpelelezi_Kino:
Nimesoma kimya kimya sasa nimechoka. Hii ni CHAI tena ya rangi. Tupo mwezi wa pili, Marekani kuna barafu, mti hauna majani alafu eti umechanua maua? Nyuki gani yupo nje saa hizi? Na wewe wewe mwaka jana ulifungua uzi unauliza bei ya viwanja Kigamboni. Leo upo Oregon. Wakuu tunapoteza bando hapa.

Mzee_Kaunda_Suti:
Nilihisi tangu mwanzo.

mama_Ngano:
Jamani uongo ni dhambi, mtu mzima unatunga mpaka mke.

mwana_wa_Korogwe:
Sa mtu akiwa nje haruhusiwi kuulizia kiwanja? Si ndo nilikuwa nataka kumtumia bro hela. Na nyuki nimemtaja wapi, nimesema UPEPO.

Msomi_wa_Trabzon:
Mpelelezi punguza munkari. Mimi nilisoma Uturuki, pwani ya Bahari Nyeusi, Giresun na Ordu kule ndo kwenyewe, dunia nzima wao ndo wanaongoza kwa hazelnati. Inachanua katikati ya baridi kweli, inachavushwa na upepo, haingoji nyuki. Chavua ikishafika inakaa imetulia miezi, kokwa linaanza kujijenga baadaye kabisa majira ya kuchipua. Baridi la ghafla 2014 lilikuta vichipukizi vimeshatoka likaunguza, bei ya hazelnati ikapaa mpaka wenye viwanda vya chokoleti wakalia. Jamaa hasemi uongo, ana ubishi tu.

Mpelelezi_Kino:
Haya kwenye maua nimekubali. Kigamboni bado naifuatilia.

dada_Zai:
Tumrudie mtoa mada. Kaka hata nyumba ingekuwa yako, kwa miti miwili uani mla hazelnati wa kwanza ni kindi, wanaanza hata kabla hazijadondoka. Muwekee mkeo kala pale kwenye maji, zile nyeupe zinavumilia baridi ya huko zinabaki ardhini, za rangi rangi ndo za kung'oa na kuhifadhi ndani. Hizo hazelnati zako weka kwenye madumu makubwa ukae nazo mpaka ujue unahamia wapi.

mwana_wa_Korogwe:
Nimekuelewa dada, hilo la madumu lina mantiki. Ila shimo nimeshachimba na mgongo uliniuma, naona nimpigie mzee mwenye nyumba kwanza nimsikie anasemaje kuhusu kuongeza mkataba.

BoksiMan_Columbus:
Huyu anapanda. Tukutane mwezi wa nane.

Heka_Mbili_Njombe:
Wakuu samahani sijasoma zote. Hii hazelnati Njombe inakubali? Nina heka mbili.

Msomi_wa_Trabzon:
Inataka mamia ya saa za baridi chini ya nyuzi 7 ndo itoe maua, baridi la msimu mzima sio la asubuhi asubuhi. Njombe si mnalima parachichi mkuu, baki hapo hapo.

Heka_Mbili_Njombe:
Parachichi ndo nataka kung'oa.