Likizo ya Desemba: niende ushago kwa kukhu ama nibaki Nairobi niuze?

msomi_wa_wendani
Sasa wadau, naomba mnishauri. Mtihani tunamaliza wiki ya Jamhuri. Kukhu, yaani nyanya yangu, yuko Shinyalu huko Kakamega, ananipigia kila Jumapili akiuliza nakuja lini. Shangazi naye ana stoli ya masanduku na sufuria Kamukunji, anataka nibaki nimsaidie kuuza atakuwa ananilipa kila jioni, na hiyo pesa naihitaji kweli kwa sababu karo ya semista ijayo haijatimia na mkopo unaingia wakati ushakopa kila mtu unayemjua. Lakini kukhu ndiye alinilea na miguu siku hizi inamsumbua.

Alafu kuna kitu kinaniudhi sana, watu wakisikia mmefunga chuo wanaamua wewe huna kazi tena. Mmoja anataka umkalie na watoto, mwingine anataka umhamishie nyumba, hakuna anayeuliza kama umelala tangu mtihani uanze. Semista yenyewe ilikuwa nzito, kazi ya kikundi tumeandika wawili, wengine wakaonekana siku ya kuweka majina kwa karatasi ya mbele na alama tukapata sawa wote. Mwalimu anatuma meseji kwa grupu eti leo hakuna klasi na wewe tayari umekwama Roysambu kwa jam na umeshalipa nauli ya mvua. Hiyo ya mvua ndiyo inanikera kuliko zote, matone yanaanza tu na makanga ameshaongeza hamsini, gari ni ile ile na barabara ni ile ile. Mwanafunzi atatoa wapi?

Basi niambieni, mngekuwa nyinyi mngefanya nini?

dada_wa_umoja
Pole sana mdogo wangu. Nenda kwa kukhu, lakini nenda mapema. Ukimaliza mtihani leo, kesho uko kwa basi. Usingoje tarehe 20 kwa sababu hapo ndio nauli za Western zinapanda na watu wanalala stejini na mizigo na watoto. Na ukirudi kabla ya Mwaka Mpya gari za kuja Nairobi zinakuwa hazijajaa, hapo hata bei mnaweza kuelewana. Hao wa kukupa watoto waambie una safari, basi.

fundi_sanduku
Mimi niko hapo Kamukunji, nagonga mabati miaka mingi, wacha nikwambie vile soko linaenda. Desemba sufuria zinatoka kiasi, watu wanabebea wazazi ushago. Masanduku msimu wake ni Januari, shule zikikaribia kufungua na wazazi wa watoto wa bweni wanakuja wote mara moja wakitaka sanduku, kufuli na jina liandikwe kwa rangi hapo hapo. Hiyo wiki sisi hatuli lunch. Kwa hivyo shangazi yako anakuhitaji zaidi Januari kuliko Krismasi, na akikataa muulize vizuri kwa heshima, yeye mwenyewe anajua. Nenda umwone nyanya, rudi kabla shule zifungue, uuze. Na kama una mwandiko mzuri jifunze kuandika majina kwa sanduku, hiyo ni pesa ya pembeni.

shemeji_wa_voi
Na wale wa kwenda Pwani msijisahau, treni ya Desemba inajaa mapema sana, kata tiketi saa hii. Daraja la kawaida Nairobi hadi Mombasa ni 1,500 tangu Januari 2024, mwanzoni ilikuwa chini ya hapo. Beba kitambulisho na ufike stesheni ya Syokimau mapema kwa sababu ukaguzi una foleni ndefu. Pia kumbuka inakushusha Miritini, sio mjini, weka nauli ya matatu kando. Mimi nashukia Voi, mama ananingoja na maembe.

kijana_wa_lurambi
Msomi, panda gari la asubuhi tafadhali, usipande la usiku hata kama ni rahisi. Hiyo barabara ya Salgaa na Sachangwan imemaliza watu wetu wengi sana. Mwisho wa 2017 ajali ya Migaa iliua zaidi ya watu thelathini na serikali ikasimamisha mabasi ya usiku kwa muda. Ukifika mchana bado unaona njia ya kwa kukhu. Alafu ukiwa huko uende ukaone fahali wakipigana, Shinyalu ni nyumbani kwa huo mchezo, na tarehe 26 uteremke Mbale ya Vihiga kwa sherehe ya Wamaragoli, ni karibu tu na kuna ngoma na chakula cha kutosha. Utapumzika kichwa.

msomi_wa_wendani
Asanteni wote, kwa kweli. Fundi umenisaidia sana, nimempigia shangazi amekubali niende nirudi tarehe 29, anasema hata yeye alikuwa anafikiria Januari ila aliogopa nitapata kibarua kwingine. Nimeshauliza basi la saa moja asubuhi la siku inayofuata mtihani. Kijana wa Lurambi, dawa ya kuchua miguu ya wazee napata wapi hapo Kakamega mjini, ama ninunue huku kabla nitoke?

kijana_wa_lurambi
Nunua huku. Ukifika na mfuko mkononi atafurahi zaidi. Na ongeza sukari na majani ya chai.