Kwa nini namba za simu za wateja wote zinageuka 2147483647?

dukani_kwetu:
Wakuu habari za saa hizi. Natengeneza databezi ya wateja wa duka la mama, wale wanaokopa, sasa kila nikiingiza namba ya simu inayoanza na 255 inajiandika 2147483647, mteja wa kwanza hiyo, wa pili hiyohiyo, mpaka wa arobaini. Nikiandika 07 inakubali ila ile sifuri ya mbele inapotea. Ina nini hii namba, mbona si bilioni mbili kamili?

biti_na_baiti:
Mkuu hiyo safu umeiweka namba nzima ya biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1. Biti moja inashika hasi au chanya, zinabaki 31, zote zikiwa 1 unapata 2 kwa kipeo cha 31 toa 1, ndo hiyo. Namba yako ina tarakimu 12 haienei, kwa hiyo inabandikwa kubwa kuliko zote inayobebeka. Weka safu iwe ya maandishi, namba ya simu hakuna anayeijumlisha. Na mitambo inayohesabu sekunde toka 1970 kwa biti hizohizo itafika hapo tarehe 19 Januari 2038, kwetu saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi.

mwl_hisabati:
Niongeze kidogo maana hii namba naipenda sana. Ni namba tasa, haigawanyiki kwa chochote ila 1 na yenyewe. Aliyethibitisha ni Euler mwaka 1772, macho yameshamwishia karibu yote. Kawaida ungejaribu kila namba tasa mpaka kipeuo chake cha pili, yaani 46340 hivi, ni maelfu. Yeye aliona kwamba kigawo chake chochote, kama kipo, ukikigawa kwa 248 lazima kibaki 1 au 63, basi hapo zinabaki namba zisizofika 380, na nyingi kati ya hizo si tasa unazitupa tu, mfano 249 ni 3 mara 83, 497 ni 7 mara 71. Ya kwanza ya kujaribu kweli ni 311.
Halafu izidishe kwa 2 kipeo cha 30 unapata 2305843008139952128, namba kamilifu, vigawo vyake vyote ukiondoa yenyewe vikijumlishwa vinarudi kuwa yenyewe, kama 6 ilivyo 1+2+3. Ni ya nane toka mwanzo, ya saba ni 137438691328, ona pengo lilivyo.

dukani_kwetu:
Safu nimeibadilisha imekubali, asante sana mkuu. Mwalimu, nimekaa na karatasi hapa kaunta, 311 inaingia mara 6905092 inabaki 35. Inayofuata nimepata 1303, hizo za katikati zote zimekufa, na yenyewe imebaki 226. Niko sawa?

mwl_hisabati:
Uko sawa kabisa, endelea.